Kunoa Wembe Pande Zote Mbili

Somo letu ni Mhubiri 10:10. Mhubiri anatukumbusha kwamba chuma kikiwa butu na mwenyewe asikinoe, itambidi atumie nguvu nyingi.

Majirani zetu Wabajuni wanalijua jambo hili kuliko sisi. Ni watu wa bahari, kutoka Kismayu na visiwa vyake hadi Ras Kamboni, mwisho kabisa wa Somalia, ng'ambo ya Kiunga ya Kenya. Vita vya mwaka 1991 viliwatoa wengi kwa vyombo mpaka Lamu na Mombasa, na kambi za Mombasa zilipofungwa katika miaka hiyo ya 1990, baadhi ya watu waliletwa huku Kakuma. Wao ni Waislamu, na desturi yao ni kumnyoa mtoto mchanga siku ya saba. Fikirini wembe unaopita juu ya utosi wa mtoto wa siku saba!

Mzee mmoja wa Ras Kamboni, kinyozi, huwafundisha vijana wetu kunoa wembe ule wa kukunja. Kwanza waoshe kinoo, maana chembe moja ya mchanga (na hapa kwetu mchanga haukosi hata katika ugali) huharibu makali. Kisha wembe hulazwa, mgongo na makali vyote viguse jiwe. Husukumwa makali yakitangulia, hugeuzwa juu ya mgongo wake, hurudishwa kwa upande wa pili. Mara moja huku, mara moja huku, kwa mkono mwepesi. Kijana mwenye haraka hukandamiza kwa kidole. Ncha inaliwa, kwenye shina panabaki butu. Au hunoa zaidi upande ulio rahisi kwa mkono wake, na makali yanapindia upande mwingine. Kwa macho huoni kitu. Ngozi ndiyo inayojua. Tena kinoo chenyewe kikibonyea katikati, hata fundi hodari atatoa wembe mbaya. Jiwe nalo husawazishwa kwanza.

(Na kila mtu awe na wembe wake, jamani. Ukimwi na homa ya ini hupita katika damu.)

Tunayaandika haya kwa sababu ya shauri la bombani. Familia mbili za kanisa letu hazisalimiani tangu kina mama walipogombana kwenye foleni ya maji na mtoto mmoja akaumia mkono. Kila jioni watu wanakwenda nyumba ile ya watu wa kwao, wanasikia habari ile ile, wanainoa tena. Upande wa pili hawajaugusa. Kumbukumbu la Torati 1:16-17 linawaagiza waamuzi wamsikilize mdogo kama mkubwa, na mgeni kama mwenyeji. Nani mwenyeji hapa, nasi sote tuna kadi ya chakula?

Na kinoo ni sisi wazee. Kwa hiyo mzee aliye ndugu wa upande wowote hatakaa barazani. Tutakutana Jumamosi baada ya sala ya asubuhi. Kila upande utapewa muda ule ule, na yule dada asiyejua Kiswahili vizuri ataletewa mkalimani wa Kirundi. Mtoto naye ataulizwa.