Haki ya Kitu Kiozacho

Miongoni mwa mambo ambayo akili ya mwanadamu huyakubali bila ya kuyapima ni kwamba aliyetangulia kufika ndiye mwenye haki ya kutangulia kuhudumiwa, na kwamba kuikiuka zamu hiyo ni dhuluma. Lakini mtu akiitazama reli ipitayo Likasi, mji wa shaba huko Kongo ambao hadi mwaka 1966 uliitwa Jadotville, ataona kwamba zamu peke yake haitoshi kuwa uadilifu.

Mbele ya Likasi iko Tenke, ndipo njia zigawanyikapo. Moja yaelekea kaskazini kupitia Bukama, iliyofikiwa na reli mwaka 1918, hata Ilebo, iliyofikiwa mwaka 1928, ambako mizigo ilishushwa ikatiwa katika vyombo vya mto mpaka Kinshasa, kisha ikapandishwa tena relini kwenda bandari ya Matadi. Ya pili, iliyofunguliwa mwaka 1931, yashika magharibi hata Lobito, katika pwani ya Angola. Hii ya pili ndiyo fupi. Lakini serikali ya kikoloni ya Wabelgiji, kwa kutaka mali ipite chini ya bendera yake, iliipendelea ile ndefu, na shaba ya Shituru, kiwanda cha hapo Likasi, ikastahimili, kwa kuwa shaba haiozi, na hata ikichelewa hufika Ulaya ingali shaba.

Samaki hana subira hiyo. Wale wa mto Lualaba, ili wapate kusafiri kutoka Bukama kuja kuilisha miji ya migodi, iliwabidi kwanza wakaushwe kwa moshi au watiwe chumvi.

Basi tuulize: yakikutana katika njia panda mabehewa mawili, la shaba lililotangulia na la chakula lililofuatia, na injini ikawa moja, ni lipi lenye haki? Mwenye kushika zamu atasema la shaba. Na mwenye kutazama faida atasema vivyo hivyo, kwani shaba ndiyo iliyoilipia reli. Nami naona wote wawili wamekosea, maana haki ya kungojewa hupimwa kwa dhara impatayo mwenye kungoja. Mafakihi wa Kishafii waliliona jambo hili zamani: mali iliyookotwa yapasa itangazwe mwaka mzima, lakini kikiwa ni chakula kiharibikacho, aliyekiokota ana ruhusa ya kukiuza au kukila, na thamani yake ikabaki deni juu yake, kwa sababu amana isiyotazama wakati huiharibu mali iliyokusudia kuihifadhi.

Atapinga mtu, akasema kwamba pasipo shaba hakuna mshahara, na pasipo mshahara samaki hana mnunuzi. Ni kweli, lakini kuitanguliza shaba ni jambo moja na kuithamini ni jambo jingine. Shaba iliyongojeshwa siku mbili haikunyang'anywa kitu isipokuwa siku mbili, hali chakula kilichongojeshwa kimenyang'anywa kuwa chakula, na aliyekitarajia amelala na njaa.

Kwa hiyo, wale wanaoifufua leo njia ya Lobito kwa ajili ya shaba na kobalti, na waulizwe, kabla ratiba haijaandikwa, mahindi na samaki wa watu wa Likasi watapandishwa katika gari lipi, na kwa zamu gani.