Hodi, Fungeni Mbwa

Kwa bibi yangu, milimani Usambara, palikuwa na jiwe bapa kwenye kona ya njia, hatua kama thelathini kabla ya kufika uani. Mgeni alisimama hapo. Hapakuwa na geti wala kibao, ila kila mtu wa kijiji alijua kwamba jiwe lile halipitwi kimya. Unasimama, unapaza sauti: "Hodi wenyewe! Fungeni mbwa!" Popi, aliyekuwa na kazi ya kufukuza ngedere kwenye mahindi, anatoka mbio akibweka, manyoya ya shingo yamemsimama. Anafika nusu ya njia, anakita miguu, anaendelea kubweka. Ndipo bibi anatoka jikoni, macho mekundu kwa moshi, anamshika kwa ngozi ya shingo na kumfunga kwenye mparachichi. "Karibuni, piteni."

Sisi wajukuu tulifundishwa mapema namna ya kukaa mbele ya mbwa wa watu. Usikimbie. Usimkodolee macho. Mgeuzie ubavu, mikono chini. Ukiwa na kapu, litangulize. Akitaka kuuma, aume kapu. Na kuna neno ambalo bibi alilirudia kuliko yote: mbwa anayebweka yuko kazini, anaitikia hodi yako kabla ya mwenye nyumba. "Mwenye kusema karibu hajatoka bado," alituuliza, "wewe waenda wapi?"

Nimelikumbuka jiwe lile kila niliposoma habari za polisi wa Marekani na mbwa wa majumbani. Habari hizo ni nyingi, na zinafanana hadi inatisha.

Jioni ya tarehe 29 Julai 2008, katika mji mdogo wa Berwyn Heights, jimbo la Maryland, meya Cheye Calvo alirudi nyumbani kutoka kuwatembeza mbwa wake wawili, Payton na Chase, Labrador weusi. Barazani alikuta kifurushi chenye jina la mkewe. Akakiingiza ndani, akapanda ghorofani kubadili nguo awahi kikao. Mama mkwe wake alikuwa jikoni anapika. Ndani ya kifurushi mlikuwa na bangi ya pauni 32, karibu kilo 14 na nusu. Polisi wa kaunti walijua, kwa sababu aliyekileta pale alikuwa askari aliyevaa kama mpeleka vifurushi. Wasichokuwa wamekichunguza ni kwamba wauzaji walikuwa na mtindo wa kutuma mizigo kwa anwani za watu wasio na habari, ili mwenzao aichukue mlangoni kabla mwenye nyumba hajaiona.

Mama mkwe alichungulia dirishani, akaona watu wenye silaha na vinyago wakiijia nyumba mbio. Akapiga yowe. Polisi walisema baadaye kwamba yowe lile ndilo lililowalazimisha kuvunja mlango. Payton akapigwa risasi. Chase naye akauawa, na kwa maelezo ya Calvo alikuwa anakimbia kuwakwepa. Meya aliteremshwa akiwa na nguo ya ndani tu, mikono juu, akafungwa pingu, na mama mkwe vivyo hivyo, mbwa wote wawili wamelala kwenye damu yao ndani ya nyumba ileile. Polisi wa mji wake mwenyewe hawakuwa wameambiwa lolote. Familia ile haikuwa na hatia yoyote.

Linalonikaa rohoni ni lile yowe. Mwanamke yuko kwenye sufuria yake, anaona bunduki dirishani, anapiga kelele, kisha kelele zake zinaandikwa kuwa ndizo zilizoleta balaa. Na kubweka kwa mbwa kunahesabiwa hivyo hivyo. Nyumba ikivamiwa bila hodi, kila kiumbe aliyemo hujibu kwa sauti aliyopewa na Mungu. Ukiwa umeshaamua kwamba sauti hiyo ni tishio, basi hakuna namna ambayo wenyeji wangeweza kukupokea ukaridhika.

Sisemi haya kwa kuwa simwogopi mbwa. Nina kovu kwenye shavu la mguu tangu nikiwa na miaka tisa, na hadi leo nikisikia mnyororo ukiburuzwa nyuma ya ukuta huvuka barabara. Askari naye ni mtoto wa watu; ana haki ya kurudi nyumbani mzima, na wapo wahalifu wanaofuga mbwa makusudi ili wararue watu. Lakini hofu ya askari si kubwa kuliko ya tarishi. Watumishi wa posta nchini Marekani hung'atwa na mbwa zaidi ya mara 5,000 kwa mwaka. Wanazunguka nyumba kwa nyumba, siku baada ya siku, na mkononi wana dawa ya kupuliza na mkoba wa barua wa kuweka kati yao na meno. Hawana bastola. Wanatikisa geti kwanza, wanasikiliza, wanangoja. Mkoba wao ni lile kapu la bibi.

Mwaka 2017 mjini Minneapolis, king'ora cha nyumba moja kililia kwa bahati mbaya. Watu wa nyumba wakakizima, lakini askari walikuwa wamekwisha kuitwa. Mmoja wao aliruka ua wa nyuma. Kamera ya nyumbani hapo ilimwonyesha mbwa akimwendea polepole, mkia ukicheza, kisha risasi; akatokea wa pili, risasi tena. Walikuwa mbwa wa kuwasaidia watoto wenye maradhi, na wote wawili waliponea chupuchupu. Nimeitazama picha ile zaidi ya mara moja. Ninachokiona ni mtu aliyeingia kwa kuruka, asiye na njia ya kurudi nyuma isipokuwa kuruka tena. Angepitia mlango wa mbele angekuwa na barabara nzima nyuma yake. Kuruka ua kulimnyima nafasi ya kungoja, na asiye na nafasi ya kungoja bunduki humjia mkononi haraka.

Tena risasi haina macho. Januari 2015 huko Burlington, Iowa, askari alimlenga mbwa, akateleza kwenye theluji, akamuua mama wa watoto wadogo. Agosti 2019 huko Arlington, Texas, askari aliitwa kumwangalia mwanamke aliyelala kwenye majani, pengine anahitaji msaada. Mbwa wake akamkimbilia askari, askari akafyatua, na yule aliyepaswa kusaidiwa ndiye akafa. Georgia, mwaka 2014, askari alimkosa mbwa akampata goti mtoto wa miaka 10 ambaye tayari alikuwa amelazwa kifudifudi kwa amri. Mahakama ya rufani ikasema mwaka 2019 kwamba askari huyo hawezi kudaiwa fidia.

Sheria za kule zinamtambua mbwa wa familia kuwa mali, kama kiti au gari, na majaji wengi wamekubali kwamba kumuua pasipo sababu ni kumnyang'anya mtu mali yake kinyume cha katiba. Hiyo ni ngao, ingawa nyembamba. Katika kesi moja ya mjini Battle Creek, Michigan, iliyoamuliwa mwaka 2016, mbwa mmoja alikuwa amekimbilia chumba cha chini, amesimama anabweka, na bado mahakama iliona kupigwa kwake risasi ni halali. Upande mwingine, mwaka 2005, majaji wa rufani wa serikali kuu waliwauliza polisi wa San Jose, California, swali ambalo bibi angeliuliza: mlikuwa na wiki nzima ya kupanga msako, mlijua kuna mbwa uani, mbona mpango wenu pekee ulikuwa bunduki? Waliamua kwamba mwenye muda wa kufikiri ana wajibu wa kuutumia.

Na mbwa wa polisi je? Sheria ya nchi nzima ya mwaka 2000 inampa anayemuua mbwa wa askari wa serikali kuu kifungo cha hadi miaka 10. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Askari anayemlilia mbwa wake aliyeuawa kazini anajua kabisa machozi hayo yanatoka wapi; hakuna wa kumfundisha kwamba mbwa ni zaidi ya kiti.

Wapo walioanza kurekebisha, na nawaheshimu. Maryland, baada ya kisa cha Calvo, ilivitaka vikosi vya kuvamia kutoa hesabu ya misako yao. Colorado ilipitisha sheria ya mafunzo ya polisi kuhusu mbwa mwaka 2013, Texas ikafuata mwaka 2015. Idara ya Sheria ya Marekani yenyewe ilitoa kitabu mwaka 2011 kuwafundisha polisi namna ya kumsoma mbwa: masikio, mkia, uzito wa mwili umeelekea wapi. Na mafunzo ya aina hiyo yanasema nini? Piga kelele kidogo getini ujue kama kuna mbwa. Tazama kama kuna bakuli au mnyororo. Mwombe mwenye nyumba amfunge. Usimkodolee macho, mgeuzie ubavu, tanguliza kitu cha kung'atwa. Nilipoyasoma nilisimama pale pale, kwa sababu nilikuwa namsikia bibi, aliyekuwa hajui kusoma.

Niseme kisa kimoja nilichokiona kwa macho yangu, nikiwa darasa la tano. Mjomba alituhumiwa kupasua mbao msituni bila kibali. Alfajiri, umande bado uko kwenye majani ya migomba, walikuja askari wawili, mmoja ana bunduki, wakiongozwa na balozi wa nyumba kumi. Wakafika kwenye jiwe. Popi akatoka kama kawaida yake, mbio na kelele. Yule mwenye bunduki akaishusha begani, akaishika kwa mikono miwili. Mimi niko dirishani, nikafumba macho. Balozi akamgusa mkono. "Afande, ngoja kidogo. Bibi anakuja."

Wakangoja. Ilikuwa dakika mbili, pengine tatu. Bibi alitoka na kanga begani, akamfunga Popi kwenye mparachichi, akawaamkia wale askari mmoja mmoja, akawauliza wamekuja kwa lipi. Wakamweleza. Mjomba akatoka mwenyewe, amevaa shati, akanyoosha mikono. Akapelekwa Lushoto kwa miguu, huku Popi akivuta kamba na kubweka mpaka walipopotea kwenye kona.