Lawama kwa Aliyetanguliwa na Mabingwa

Ndugu zetu wasomaji, leo twataka kulitazama suali ambalo kwa nje ni la mchezo, lakini ndani yake mna haki na dhulma. Mtu aliyepewa kipawa kikubwa, akashindana na mabingwa wa zama zake wasimwachie nafasi ya kwanza, je, astahili kulaumiwa kwamba hakufikia alilotazamiwa?

Suali hili lilitukuta Ekerenyo, katika vilima vya Nyamira, tulipokwenda kuwazuru jamaa walioko huko kwa biashara. Mbele ya duka watu walikuwa wakizungumza khabari za wakimbiaji wa Kisii. Kijana mmoja akasema juu ya Nyandika Maiyoro, aliyefariki mwaka 2019: "Huyo alipelekwa ng'ambo mara tatu, na mara tatu akarudi mikono mitupu." Mzee aliyekuwa kando yake akainamisha kichwa, asijibu. Nasi tulinyamaza, na sababu ya kunyamaza kwetu tutaieleza mwisho.

Kwanza na tuyatazame mambo yenyewe. Mwaka 1954, huko Vancouver, katika michezo ya Jumuiya ya Madola, Nyandika alikuwa wa nne katika mbio za maili tatu. Waliomtangulia ni Waingereza Chataway, Green na Sando. Na wawili wa mwanzo walikuwa wamekwisha kuivunja rekodi ya dunia ya masafa hayo mwaka ule ule. Katika Olimpiki ya Melbourne, mwaka 1956, alikuwa wa saba katika mita 5,000, mbio alizoshinda Vladimir Kuts wa Muungano wa Kisovieti. Roma, mwaka 1960, akawa wa sita.

Mwenye kuhesabu nafasi tu atasema: miaka minne, hatua moja. Lakini saa yasema mengine. Melbourne alitumia dakika 14 na sekunde 19. Roma, dakika 13 na sekunde 52.8. Amepunguza sekunde 26 na zaidi! Na muda ule wa Roma ni mfupi kuliko ule aliotumia Ibbotson kupata medali ya shaba Melbourne. Twajua kwamba mbio mbili hazilingani. Lakini mfano huu watosha kutuonyesha kwamba Nyandika alizidi, na wenziwe nao walizidi. Basi alaumiwe kwa juhudi za wenziwe?

Huenda mtu akatujibu: "Mkisema hivyo, ushindi hauna sifa tena, na kila mvivu atapata udhuru." Hoja hii ina nguvu, wala hatuipuuzi. Ushindi una sifa yake, na lawama ina mahali pake. Mkimbiaji akiacha mazoezi, akadanganya, akatumia dawa za kumzidishia nguvu, na alaumiwe, hata akiwa wa kwanza. Hayo yamo mkononi mwake. Ama nguvu za yule anayekimbia ubavuni pake, hizo hazimo mkononi mwake, na mtu haulizwi juu ya asichokimiliki.

Mtazameni Ron Clarke wa Australia. Alivunja rekodi za dunia 17, wala hakupata kushinda dhahabu ya Olimpiki hata moja. Mwaka 1968, katika mji wa Mexico ulio juu ya bahari kwa zaidi ya mita 2,200, mbio za mita 10,000 zilishindwa na Naftali Temu, mtu wa Nyamira hii hii, akaipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Clarke akafika wa sita, akaanguka kwa kukosa pumzi. Hatumpunguzii Temu sifa yake kwa kusema kwamba alizoea hewa ya milimani, kwani miaka miwili kabla alikwisha kumshinda Clarke huyo huyo Kingston, mji ulio kando ya bahari. Lakini ni nani atakayethubutu kusema kwamba yule aliyeanguka hakutoa alichokuwa nacho? Emil Zátopek, mwenye dhahabu nne za Olimpiki, alimpa Clarke moja katika zake mwaka 1966. Bingwa alijua asilolijua mtazamaji.

Sasa sababu ya kunyamaza kwetu. Zamani katika darasa letu palikuwa na kijana aliyekuwa akichukua mizigo mchana na kusoma usiku. Ulipokuja mtihani akawa wa tatu, nyuma ya wawili ambao hatujapata kuona mfano wao tena. Tulimwambia mbele ya baba yake: "Tulitazamia zaidi kwako." Hatukuuliza alianzia wapi, wala alilala saa ngapi. Baba akainamisha kichwa, kama alivyofanya mzee wa Ekerenyo. Kijana hakurudi darasani tena, na kosa lile ni letu, si lake.

Basi ndugu zetu, mtoto akirudi nyumbani na khabari kwamba amekuwa wa tatu au wa saba, msianze kwa kumuuliza walio mbele yake ni nani. Muulizeni ametoka wapi, na amekitumiaje alichopewa. Akiwa amezembea, mwonyeni. Akiwa amejitahidi, mpeni haki yake, kabla hajaacha kurudi.

Na tawfiki ni kwa Mwenyezi Mungu.