Ajali za barabarani: Ni kadari au ni mikono yetu?

 

Ndugu msomaji, leo naomba nianze kwa kujishitaki mwenyewe. Ijumaa moja nilichelewa kutoka kazini, nikadandia bodaboda pale Mnazi Mmoja ili niwahi swala Kariakoo. Nikamwambia yule kijana: "Wahi bwana, khutba inanipita." Kijana wa watu akatii. Akakwepa foleni, akapanda njia ya waenda kwa miguu, kisha akaingia mtaa wa njia moja kwa upande usioruhusiwa. Mama mmoja aliyejitwisha beseni la ndizi alikuwa anavuka, macho yake yakiwa upande ambao magari hutokea. Tukamgonga. Mguu ukavunjika, ndizi zikatapakaa barabarani.

Watu wakajaa. Kila aliyefika alisema: "Pole mama, ndiyo mipango ya Mungu." Nami, na kanzu yangu nyeupe, nikaitikia hivyo hivyo. Tukampeleka hospitali, tukachanga fedha za matibabu, mambo yakaisha. Lakini usiku ule usingizi ulinipaa. Nani aliyemwambia yule kijana awahi? Ni mipango ya Mungu, au ni ulimi wangu? Na hiyo swala niliyoikimbilia, Mtume (s.a.w.) si ametufundisha kuiendea kwa utulivu na makini, tusiiendee mbio, tuswali tutakachokidiria na tukamilishe kilichotupita?

Tusimsingizie Allah (s.w.)

Kuamini kadari ni nguzo ya imani, na asiyeiamini si muumini. Lakini kuna tofauti kubwa baina ya kuamini kadari na kuifanya kadari kuwa jalala la kutupia uzembe wetu. Amirul-Muuminina Umar bin Khattab (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari kuwa kuna tauni, aliamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza iwapo anaikimbia kadari ya Allah. Umar akamjibu kuwa wanaikimbia kadari ya Allah na kuiendea kadari ya Allah. Na yule bedui aliyeuliza kama amwache ngamia wake na kutawakali, Mtume (s.a.w.) alimuelekeza amfunge kwanza, ndipo atawakali.

Sasa sisi tumemfunga ngamia gani? Tunapanda daladala ambalo kila mtu anaona tairi zake zimekwisha, dereva anaongea na simu, sote kimya. Likipinduka tunasema siku zao zimefika. Ni kweli siku zimefika, lakini sababu nazo zina wenyewe, na wenyewe wataulizwa. Katika Suratul-Baqara, aya ya 195, Allah (s.w.) ametukataza kujitia katika maangamizi kwa mikono yetu wenyewe. Angalieni, mikono yetu ndiyo iliyotajwa.

Wataalamu wametazama nini?

Wapo waliokaa chini wakachunguza mwenendo wa watu barabarani kama daktari anavyomchunguza mgonjwa. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inasema watu wapatao milioni 1.19 hufa kwa ajali za barabarani kila mwaka, na kwamba kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua zaidi ya hicho. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wa pikipiki. Maana yake ni kuwa anayekufa zaidi ni yule asiye na bati la kumkinga. Shirika hilo linaeleza pia kuwa mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia moja tu, hatari ya ajali ya kuua huongezeka kwa takriban asilimia nne. Mambo haya yana kanuni, na kanuni hizo ni katika sunna za Allah alizoziweka katika maumbile.

Tusiende mbali. Hapa hapa Dar es Salaam, taasisi ya Amend ilichunguza shule za msingi ambazo watoto walikuwa wakigongwa sana. Walitazama watoto wanapita wapi, wanavukia wapi na magari yanakwenda kwa mwendo gani. Kisha wakajenga matuta, vivuko na njia za miguu, na kuwafundisha watoto. Utafiti uliofuatia ulionyesha kuwa majeruhi miongoni mwa watoto walipungua kwa asilimia 26, na mwaka 2019 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya miji ya Taasisi ya Rasilimali za Dunia. Jiulize: kama kuumia kwa watoto wale kulikuwa ni kadari isiyo na sababu, mbona tuta la lami liliweza kuwakinga?

Imepokewa kutoka kwa Umar (r.a.) kwamba alihofia mnyama akijikwaa huko Iraq, yeye akiwa Madina, ataulizwa na Allah kwa nini hakumtengenezea njia. Huyo ni mnyama. Je, mtoto wa darasa la pili anayevuka Barabara ya Msimbazi?

Kariakoo tuliyoiona

Siku moja baada ya swala ya Alasiri niliwachukua wanafunzi wangu tukasimama karibu na makutano ya Msimbazi na Uhuru. Niliwapa kazi moja: watazame watu bila kumlaumu yeyote, kisha waniambie kwa nini kila mtu anafanya anachokifanya.

Walirudi na mambo ya kuzingatia. Watu hawatembei katikati ya barabara kwa ukaidi tu. Njia ya miguu imetandazwa nguo, viatu na vyombo, mkokoteni umeegeshwa, guta linashusha marobota, na bidhaa za duka zimetolewa nje mpaka ukingoni mwa lami. Mwenda kwa miguu akikosa pa kukanyaga hushuka barabarani, na huko anakutana na bajaji na bodaboda zinazokwepa foleni. Wengine waliingia njia ya mwendokasi wakitazama upande mmoja tu, wakasahau kuwa basi linaweza kutokea upande wa pili.

Mwezi Oktoba 2021 wamachinga waliondolewa kandokando ya barabara. Ukipita leo utaona wengi wamerejea. Sisemi wafukuzwe kama kuku, maana nao wanatafuta riziki ya halali. Lakini biashara ya halali haihalalishi mahali pa haramu. Mtume (s.a.w.) aliwatahadharisha masahaba na kukaa njiani. Walipoeleza kuwa hawana budi, aliwataka waipe njia haki yake, na katika haki hizo akataja kuzuia udhia na kurudisha salamu. Tena ametufundisha kuwa kuondoa chenye kudhuru njiani ni tawi katika matawi ya imani. Basi imani ya anayekiweka chenye kudhuru ikoje? Na wenye maduka Kariakoo, wengi wao si ni sisi tunaopanga safu pamoja Mtoro na Manyema?

Tuwe wakweli zaidi. Siku ya Ijumaa baadhi yetu tunaegesha magari hadi tunaziba mtaa. Mgonjwa akikwama kwenye bajaji, tumempelekea ujumbe gani kuhusu Uislamu?

Na dereva wa daladala naye tumtazame kwa insafu. Mtafiti Matteo Rizzo, aliyewachunguza kwa miaka mingi madereva na makondakta wa jiji hili, ameonyesha kuwa wengi hufanya kazi bila mkataba. Alfajiri wanachukua gari, jioni lazima wapeleke hesabu kwa tajiri, na kinachobaki ndicho chao. Ndiyo maana wanatanua, wanachomekea na kugombea abiria. Hii haimtoi dereva hatiani, lakini inamuingiza tajiri. Ewe Alhaji mwenye daladala mbili tatu, hesabu unayoitaka inapatikana kwa mwendo wa sheria? Kama haipatikani, elewa kuwa unakula mwendo kasi.

Sauti ya abiria

Utafiti ulionigusa zaidi ulifanyika kwa jirani zetu Kenya. James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown waliweka stika ndani ya matatu zikiwahimiza abiria wapaze sauti dereva anapoendesha vibaya. Ni stika tu, hakuna askari wala faini. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2011 yalionyesha kuwa madai ya bima ya magari yale yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili. Walirudia jaribio kwa magari mengi zaidi, na matokeo ya mwaka 2015 yakaonyesha upungufu wa kati ya robo na theluthi.

Ndugu zangu, hii si ndiyo kuamrisha mema na kukataza maovu? Mtume (s.a.w.) alitupigia mfano wa watu ndani ya jahazi. Wa chini wakataka kutoboa sehemu yao wapate maji bila kuwasumbua wa juu. Wakiachwa, wote wataangamia. Wakizuiwa, wote wataokoka. Badala ya jahazi weka daladala la Gongo la Mboto. Dereva anatoboa, na sisi tumekaa na tasbihi mkononi tunachelea kuitwa wajuaji.

Hukumu tunayoisahau

Jambo hili vijana wengi wa bodaboda hawajafundishwa. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 92, Allah (s.w.) ameweka hukumu ya aliyemuua muumini kwa makosa, bila kukusudia: kutoa diya kwa jamaa wa marehemu wasiposamehe, na kafara ya kumwacha huru mtumwa, na asiyepata afunge miezi miwili mfululizo. Miezi miwili! Na hapo ni kwa aliyekosea, hakukusudia. Wanazuoni wa Baraza la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chao cha nane huko Brunei mwaka 1993, waliamua pia kuwa kutii kanuni za barabarani zisizopingana na sharia ni wajibu. Hivyo taa nyekundu, mwisho wa mwendo wa kilomita 50 kwa saa mjini na kofia ngumu si mambo ya kumwogopa trafiki peke yake. Trafiki huondoka saa ya chakula. Allah hasinzii wala halali.

Tufanye nini? Maimamu waseme haya mimbarini kama wanavyosema ya riba. Misikiti iweke vijana wa kupanga magari siku ya Ijumaa. Mwenye duka arudishe bidhaa ndani hatua mbili, aihesabu sadaka. Abiria aseme kwa adabu: "Kaka, punguza mwendo." Na tunaokodi bodaboda tulifute neno "wahi".

Yule mama nilikwenda kumwomba radhi. Alinisamehe, Allah amlipe kheri. Kisha akaniuliza swali ambalo sijapata jibu lake mpaka leo: "Ustadhi, swala yenyewe uliiwahi?"

Wabillahi tawfiq.