Nani Amemwambia Acheke?

Koti langu moja jeusi limevaliwa na nusu ya Gachoka. Lilining'inia kwenye msumari nyuma ya pazia la studio. Mteja asiye na koti alilivaa, akafunga saa yangu mkononi, akasimama mbele ya ukuta uliochorwa bahari. Wengi hawakuwa wameiona bahari. Maji mengi waliyoyajua ni ya mabwawa ya Tana, Kamburu na Masinga. Picha ikitoka walicheka kwa furaha, wakaituma kwa jamaa Nairobi. Je, tulikuwa tunadanganya?

Naliuliza swali hili kwa sababu kazi ninayoipenda imebadilika mpaka mtu anaweza kusema si ileile tena. Nilianza miaka ya 1980, na filamu ya picha 36. Ulipiga kwa hesabu, maana kila mbofyo ni pesa. Za nyeusi na nyeupe niliziosha mwenyewe chini ya taa nyekundu, nikibania maji, kwani huku Mbeere maji hayachezewi. Za rangi zilipanda matatu hadi Embu mjini, mteja akasubiri. Kisha ikaja dijitali. Steven Sasson, injinia wa Kodak, alitengeneza kamera ya dijitali mwaka 1975. Mwaka 2012 Kodak hiyohiyo ikakimbilia mahakamani kuomba kinga ya muflisi. Sasa mimi wa Gachoka ningelia nini? Nilinunua kompyuta, nikajifunza. Siku hizi kila mtu ana kamera mfukoni. Wanaokuja kwangu ni wa paspoti, wa harusi na wa matanga.

Ni hawa wa matanga walionitia kwenye fikra. Familia moja ilileta nakala ya kitambulisho cha nyanya yao. Ndiyo picha pekee waliyokuwa nayo, na walitaka ya kuweka kwenye kijitabu cha mazishi. Nilisafisha mikwaruzo, nikaongeza mwanga. Mjukuu wake akaitazama, akasema, "Mzee, huyu amekasirika. Shosho alikuwa mtu wa kucheka." Akatoa simu, na kabla sijarudi kitini programu ilikuwa imemchekesha marehemu, meno yote nje.

Nami nilimjua mama huyo. Alikuwa akicheka anafunika mdomo kwa kiganja.

Msiniambie nina wivu na mashine. Wapiga picha wetu hawakuwahi kuwa watumwa wa ukweli mtupu. Pale Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mtu alipoingia studio kama ile alijipanga kwanza: nguo, mkao, mkono uwekwe wapi. Lamu, Omar Said Bakor alikata picha kwa mkasi na kuzibandika upya kwa gundi, akaunda sura za ajabu miaka mingi kabla ya simu hizi. Koti langu nalo halikuwa la mteja. Lakini mteja alikuwepo! Alilichagua koti mwenyewe, akajitazama kwenye kioo, akasema, "Hapana, piga tena." Huo uongo, kama ni uongo, ulikuwa wake. Alikuwa ananieleza anavyotaka kuonekana, na kazi yangu ilikuwa kumsikiliza.

Mjukuu naye ana hoja, na si ndogo. Uso wa kitambulisho ni uso wa mtu aliyekaa mbele ya kamera ya serikali, anangoja kuitwa. Nani alisema huo ndio uso wake wa kweli? Nikiulinda huo, ninamlinda nyanya au ninailinda ofisi? Msichana alikumbuka kicheko, na alikumbuka sawa. Tatizo ni kwamba mashine haikumkumbuka. Ilichota kicheko kutoka kwa nyuso za watu wasiomjua, ikambandika. Kiganja kile hakipo. Na yeye peke yake ndiye angeweza kusema, "Hiyo si mimi."

Walichapisha ile ya simu. Sikuwazuia, marehemu alikuwa wao, na wenye msiba hawafundishwi kulia. Watu waliishika kile kijitabu wakasema amependeza. Lakini mimi tangu siku hiyo nina kipimo kimoja: mwenye uso bado anaweza kukataa? Kama anaweza, nitatumia filamu, kompyuta, hata hiyo programu, na nitamweka mbele ya bahari yoyote anayotaka. Kama hawezi, nitaondoa vumbi na mikwaruzo, niishie hapo. Kenya ina sheria ya kulinda data ya mtu tangu 2019, lakini mimi naongea juu ya heshima, ambayo haingoji sheria.

Kwa hiyo siipendi kazi hii kwa sababu ya filamu, ingawa harufu ya dawa bado naikumbuka. Naipenda kwa ile dakika mtu anapotazama picha yake na kuamua kama anaikubali.

Wewe unayesoma hii kwenye simu iliyojaa picha za mama yako, si umpigie leo umuulize ni ipi anayoipenda? Akikwambia hakuna hata moja, mpige nyingine, na umwache ashike mdomo akitaka.