Je, Ushindi Ni Ushahidi wa Haki?

Tunamfahamu mtu mmoja aliyeshinda kesi ya mpaka wa shamba, na Jumapili iliyofuata akaleta kanisani mbuzi wa shukrani. Akasimama mbele yetu akasema kwamba Mungu ameonyesha ni nani mwenye haki. Tuliimba naye na kufurahi. Lakini jirani yake aliyeshindwa ni Mkristo pia, naye alikuwa ameketi benchi la nyuma, akiinamisha kichwa. Tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza: je, kushinda ni ushahidi kwamba Mungu alikuwa upande wetu?

Swali hili si geni. Liliulizwa kwa damu nyingi huko Uingereza mwaka 1066.

Mfalme Edward alifariki tarehe 5 Januari mwaka huo, bila mtoto. Kesho yake Harold, mkuu kuliko wakuu wote wa nchi, akavikwa taji, nao watu wake wakasema kwamba marehemu alimkabidhi ufalme akiwa kitandani. Ng'ambo ya bahari William, Dyuki wa Normandy, alikasirika. Alidai kwamba Edward alimwahidi yeye kiti hicho zamani, na kwamba Harold mwenyewe alimwapia. Mfalme Harald wa Norway alikuwa na dai lake pia, kutokana na mapatano ya wafalme waliotangulia. Tena alikuwako kijana Edgar, mjukuu wa kaka yake Edward, wa karibu kwa damu kuliko hao wote. Ila alikuwa mdogo, na jeshi hana.

Tukitazame kile kiapo. Harold alikuwa ameshikwa na mtawala mmoja wa pwani ya Ufaransa, naye William ndiye aliyemtoa na kumkaribisha kwake. Kwenye kitambaa kirefu kilichotariziwa, kinachotunzwa Bayeux, Harold anaonekana akigusa masanduku mawili ya masalio ya watakatifu huku William akimtazama. Wengi husema kwamba kiapo cha mtu aliye mikononi mwa mwingine si kiapo. Sisi hatuna hakika hiyo. Mfalme Sedekia aliapishwa na Nebukadreza aliyekuwa amemzidi nguvu, na bado nabii Ezekieli, katika sura ya 17, alimkemea vikali kwa kukivunja kiapo kile. Basi kama Harold aliapa, hatuwezi kusema hakuwa na deni.

William alipeleka shauri lake kwa Papa Alexander wa Pili, na kasisi wake, aliyeandika habari zake, asema kwamba alipewa bendera ya kumtangulia vitani. Tarehe 14 Oktoba, karibu na Hastings, Harold akauawa. Wanormandy wakasema: Mungu amehukumu, mvunja kiapo ameanguka.

Lakini siku 19 tu kabla ya hapo, tarehe 25 Septemba, huyo huyo Harold alikuwa amemshinda na kumwua Mfalme Harald wa Norway huko Stamford Bridge. Je, Mungu alimwona kuwa na haki mwezi wa Septemba, akabadili shauri mwezi wa Oktoba?

Jambo lililotushangaza zaidi ni lile lililofuata. Maaskofu wa Normandy, watu wa upande ulioshinda, waliwawekea askari wao wenyewe adhabu ya toba, na mjumbe wa Papa akaithibitisha. Aliyeua atubu mwaka mmoja kwa kila mtu aliyemwua. Aliyejeruhi asijue kama yule alikufa, siku 40 kwa kila mmoja. Asiyejua idadi ya aliowaua atubu siku moja kila juma maisha yake yote, au ajenge kanisa. Hata yule ambaye hakumpiga mtu ila alitamani kupiga, siku tatu! Maaskofu hao hawakusema kwamba dai la William lilikuwa la uongo, wala hawakusema kwamba dai la kweli huosha mikono. Tunamkumbuka Daudi: vita vyake viliitwa vita vya Bwana, walakini hakuruhusiwa kujenga hekalu kwa sababu ya damu aliyoimwaga.

Pengine William angaliitafakari adhabu ile, asingalifanya aliyoyafanya kaskazini katika majira ya baridi ya 1069 na 1070, alipochoma nafaka na kuua mifugo hata watu wasio na hatia wakafa njaa. Mtawa Orderic Vitalis, ambaye mara nyingi humsifu mfalme huyu, hapo alishindwa kumsifu.

William alikufa mwezi wa Septemba 1087. Orderic huyo aeleza kwamba mwili ulipopelekwa kuzikwa katika kanisa alilolijenga mwenyewe huko Caen, mbele ya maaskofu na watu wengi, mtu mmoja jina lake Ascelin alisimama akasema kwa sauti kuu: uwanja huu ulikuwa wa nyumba ya baba yangu, na mtu huyu aliuchukua kwa nguvu; ninakataza kwa jina la Mungu asizikwe katika ardhi yangu. Maaskofu wakawauliza majirani, nao wakakiri kwamba ni kweli. Ikabidi wamlipe Ascelin shilingi 60 pale pale, kwa kipande cha kaburi tu, na kumwahidi malipo ya ardhi iliyosalia, ndipo mazishi yakaendelea.