Kalamu Huinuliwa Saa Ngapi?

Tuliosoma chuoni tunajua kwamba kalamu inayoandika dhambi imeinuliwa kwa watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na aliyepotewa na akili mpaka imrudie. Rubani hakutajwa. Nami nimekuwa nikimuwaza tangu niliposoma ripoti ya wachunguzi wa Uingereza juu ya Piper Malibu iliyoanguka baharini karibu na Guernsey, Januari 21, 2019, ikitoka Nantes kwenda Cardiff. Damu ya abiria wake, mwanasoka Emiliano Sala, ilikutwa na kaboni monoksaidi iliyoshika asilimia 58 ya himoglobini. Mwili wa rubani haukupatikana, lakini wachunguzi waliona kuwa yaelekea naye aliathirika.

Mimi hurusha Cessna 206 kutoka Wilson, Nairobi. Alfajiri ya Julai, ukipita juu ya Kinangop, mkono huenda wenyewe kwenye hita. Abiria hudhani ni ya umeme. Wapi! Hewa ya nje hupitishwa kuizunguka saileza yenye moto, kisha huletwa miguuni petu. Kati ya moshi wa injini na mapafu yangu pana bati tu, na bati hupata ufa. Kaboni monoksaidi iliyomo katika moshi huo haina harufu wala rangi, na huing'ang'ania himoglobini kuliko oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Ndiyo hiyohiyo inayoua waliolala na jiko la mkaa chumbani.

Kichwa kikianza kugonga, utasema ni kukosa chai. Baadaye hata swali halikujii. Tumefundishwa: ukihisi dalili, zima hita, fungua madirisha, tafuta pa kutua. Sawa, lakini ahisi nani? Imam Ghazali, katika Al-Munqidh min al-Dalal, aliona akili ikiyakosoa macho, akauliza kama nyuma ya akili hakuna hakimu mwingine wa kuikosoa nayo. Yeye alitolewa kwenye shaka ile kwa nuru ya Mwenyezi Mungu. Sisi tumebandikiwa kikadi chenye kidoa kinachogeuka cheusi kaboni monoksaidi ikiingia. Sikipendi hata kidogo: kinangoja kutazamwa na mtu yuleyule anayelewa. Bora kifaa cha kupiga kelele, na ndani ya ile Malibu hakikuwamo.

Maalim mmoja wa Lamu, rafiki yangu, humtetea rubani. Aliyekunywa kwa hiari hana udhuru, asema, bali aliyeleweshwa bila kujua anao. Namkubalia kwa yale ya angani. Ila mtu aliyeijua hatari, akaona kengele ni gharama, alikuwa na akili timamu aliposema “wiki ijayo”. Karibu na Sydney, Desemba 31, 2017, ndege ya Beaver iliua watu sita. Ekzosi ilikuwa na nyufa, na kwenye ukuta unaotenga injini na chumba cha rubani boliti zilikosekana. Mambo hayo yalikuwapo kabla mtu hajalewa.

Fundi wangu hapendi nikisema hivi. Ufa, asema, waweza kuzaliwa saa moja baada ya yeye kukagua, na hesabu yake Mungu anaijua. Ni kweli, na ndiyo sababu kengele nimejinunulia mwenyewe. Maalim akaniuliza, betri ikifa je? Kengele ina kitufe cha kujaribia, nikamwambia, nami hukibonyeza kabla sijawasha injini.